Kamba ya Mwanga

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Eulalie alipanda ngazi za mtaa wa Nguba mara tatu, bidoni, dumu la maji, mgongoni, mkanda wake ukimbana paji la uso. Zamani mama yake, Colombe, ndiye aliyebeba. Daktari alipomkataza kwa sababu ya mgongo, kazi yote ikamwangukia binti wa miaka kumi na miwili. Somo la kwanza, sayansi, alilisikilizia mlangoni.

"Ukichelewa tena wiki ijayo, mtihani hufanyi," Mwalimu Zagabe alimwonya.

"Sitachelewa, Mwalimu. Nitatengeneza kamba ya mwanga."

Eulalie akatoa kitabu chake cha katuni, kilichochakaa mpaka kapteni wa jaladani amebaki na jicho moja. Ndani, kapteni huyo aliwasha tochi, na mwanga ukavuta ziwa zima hadi kwenye nyota.

"Tochi ivute maji!" alicheka Steve, jirani yake. "Ya kwetu iko mugonjwa basi, hata inzi inamushinda!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka mpaka akavua miwani.

"Huyu kapteni ningempa sifuri. Mwanga wa tochi hauvuti maji," alisema. "Lakini angalia: hakubeba kitu mgongoni. Haya, ondoa mwanga. Utaweka nini?"

Eulalie alifikiri. "Kamba ya kawaida, Mwalimu. Na gurudumu."

Bomba lilikuwa chini ya ukuta mrefu wa mawe, na ngazi zilipita kando yake. Baba yake akafunga rimu ya baiskeli juu ya ukuta, akapitisha kamba juu yake. Jumamosi, mtaa ukiwa kwenye Salongo, usafi wa pamoja, na mafagio yake, Steve alifunga bidoni kwenye ncha ya chini. Eulalie akashika ncha ya pili kule juu, akaanza kushuka ngazi akiivuta. Yeye akishuka, bidoni inapanda!

Katikati bidoni ikapinduka. Kizibo chake kilikuwa jani la mgomba lililokunjwa. Mgongoni, bidoni ikiwa wima, jani hutosha. Hapa lilichomoka, na lita ishirini zikamshukia Steve.

"Maman yangu! Kapteni ameniogesha!"

Mafagio yalisimama kwa kicheko. Eulalie alitamani kujificha, lakini akakumbuka mlango wa darasa.

"Steve, pitisha kamba chini ya kitako pia, isimame. Mimi ninatafuta kifuniko cha kukaza."

"Na mimi ninatafuta mwavuli," alijibu Steve, akifunga.

Safari hii bidoni ilifika juu imejaa. Mama Colombe akapiga vigelegele.

Jumatatu Eulalie aliketi darasani kabla ya kengele. Aliyechelewa alikuwa Steve.

"Mwalimu, wamaman wote wa ngazini wananiita niwafungie bidoni!"

Mwalimu Zagabe akainua kile kitabu. "Watoto, kapteni alikosea jibu, lakini alituachia swali zuri. Mtu akikuonyesha ndoto, usiimeze yote wala usiitupe yote. Ijaribu, ikikumwagia maji itengeneze, ujaribu tena."

"Ila mimi nisisimame chini," alisema Steve.