Aliyeita kutoka Jikoni

Mwalimu Éphraïm alipofika kwake kutoka shuleni, ukungu ukiwa umeanza kushuka juu ya mikaratusi ya Butembo, alikuta nyumba inanukia vitunguu vilivyokaangwa kwa mawese. Alisimama mlangoni, viatu vimejaa tope, akavuta pumzi. Hapakuwa na mtu wa kupika pale. Mke wake Kavugho alikuwa amezikwa kabla ya mvua kuanza, na binti yao Florentine alikuwa Kipese kwa nyanya yake, mbali na risasi. Alizunguka hadi jikoni, kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, akatia mkono kwenye majivu. Yalikuwa baridi.

"Ni jirani anapika," alijiambia.

Éphraïm hakuwa mtu wa kuamini mambo. Ujanani alisomea upadri, akaacha, na alipotoka seminari hakutoka na Mungu. Miaka ile ya vita vya waasi, watu walipojaza makanisa kwa kukosa pengine pa kukimbilia, yeye alibaki nyumbani na Kavugho akaenda misa peke yake. Homa ilipomshika Kavugho, dawa hazifiki kwa kuwa barabara zimefungwa, Éphraïm mwenyewe alimwitia padri, kisha akasimama nje kwenye migomba hadi sala zikaisha. Kwenye matanga watu walimwambia, "Mungu amemutwaa, Mwalimu. Iko fasi muzuri." Aliitikia kwa kichwa. Moyoni alijua mke wake hayuko popote, na jambo hilo hakuwa na mtu wa kumwambia.

Harufu ilirudi, tena na tena, ukungu uliposhuka. Zikafuata sauti: mwiko ukigonga sufuria, maji yakimiminwa, mtu akikohoa kidogo kama anayesafisha koo kabla ya kuita. Hatimaye, alasiri moja mvua ikipiga mabati, sauti ikaita kutoka jikoni.

"Papa Florentine, umerudia?"

Alizunguka nyuma, akasimama mbele ya mlango wa kibanda.

"Kavugho?"

"Ni miye. Hapana fungua mulango. Kaa pale inje, tusemezane."

Akakaa, mgongo ameuegemeza kwenye mbao, mvua ikimlowesha. Tangu siku hiyo alikuwa akitoka shuleni mbio, hasalimu mtu, hali, hanywi, anakaa pale mlangoni akiongea juu ya wanafunzi na bei ya maharagwe na askari wa kizuizini, na sauti inacheka palepale Kavugho alipokuwa akicheka, wala hakuiuliza inatoka wapi, kwa maana aliogopa isije ikamjibu. Na chini ya ile harufu ya vitunguu aliisikia nyingine, ya udongo uliotoka kuchimbwa, akaivuta nayo.

Kisha sauti ikaomba. "Mulete mutoto. Namutamani sana."

Éphraïm alikwenda kwa Jumaine, dereva wa Fuso aliyekuwa akipakia viazi upande wa Kipese, akamwomba arudi na Florentine. Jumaine alikubali, lakini moyo wake haukutulia, akamweleza dada yake Hadjara, ambaye ua wake ulipakana na wa Mwalimu. Hadjara alikuwa mjane. Mumewe, Baraka, aliuawa akiwa kwenye usukani, barabara ya Beni.

Hadjara akaja na kitambaa chake kichwani, hakutaka hata kuketi.

"Mwalimu, unaita mutoto apite barabara ile? Juzi bamechoma magari kule!"

"Mama yake anamutaka."

Éphraïm akamweleza yote, macho yakiwa chini, akingoja achekwe. Hadjara hakucheka.

"Twende nisikie," alisema.

Ukungu ulikuwa umefika uani. Walisimama mbele ya kibanda. Ndani, mwiko ukagonga sufuria.

"Papa Florentine, uko na nani?" Kavugho aliuliza.

Éphraïm alimwona Hadjara akishika ukuta.

"Umesikia bibi yangu?" alinong'ona.

"Bibi yako hapana." Hadjara hakuuachia ukuta. "Nasikia Baraka. Ananiita na jina yenye tulijua siye babili tu."

Walitazamana.

"Ile ni jini, Mwalimu. Benye kufa biko kwa Mungu, habapikake. Inavaa sauti ya mutu mwenye unalilia."

"Miye siamini majini."

"Na mufu mwenye kupika, yeye unaamini?"

Hadjara akamsogelea, akashusha sauti zaidi. "Nani alipeleka Florentine Kipese?"

"Kavugho."

"Juu ya nini?"

"Juu ya masasi ya bunduki."

"Donc mama gani huyu, anamuita arudi mu masasi?"

Hapo Éphraïm alilia kama ambavyo hakupata kulia siku ya mazishi. Hadjara akakunjua viganja, akaanza Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, na sauti ya jikoni ikaanza kusihi, Papa Florentine hapana niacha, huku giza, huku peke yangu, weye unajua vile niliogopaka giza, na ni kweli Éphraïm alijua, na mkono wake ulikuwa mzito kama wa mtu aliye ndani ya maji alipousukuma ule mlango, akaona mgongo wa mwanamke katika kitenge cha mkewe, ameinama akikoroga sufuria tupu, na mgongo ule ulipumua, ukapanda na kushuka, ukapanda na kushuka, lakini kichwa hakikugeuka.

"Weye haiko bibi yangu," Éphraïm alisema. "Bibi yangu alikufa. Nilimufunga macho na mukono hii."

Mabati yakainuka, yakaanguka. Majivu yakaruka yakawapiga usoni. Walipofumbua macho, jiko lilikuwa tupu.

Waliketi barazani, Éphraïm akauliza, "Utamuona Baraka tena?"

"Inshallah."

"Miye sina ile tumaini, Mama."

"Najua, Mwalimu." Hakumhubiria. Alikaa tu naye, kisha akaenda kumzuia Jumaine asimlete mtoto.

Nyumba ikatulia. Utulivu huo ulimuuma Éphraïm kuliko hofu. Baadaye akatambua kwamba Hadjara haonekani tena uani. Nguo zake zilikuwa zimelowa kambani na hakuna aliyezianua. Alasiri akapita uani kwake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Palinuka mazut, mafuta ya lori, na jasho la dereva, na chini yake, udongo. Hadjara alikuwa akiongea taratibu, akicheka kama msichana.

"Mama Hadjara!"

Halafu, karibu kabisa na ubao wa mlango, sauti ya Kavugho ikasema, "Papa Florentine. Ingia. Fasi ya weye iko."

Hakuwa na aya wala sala. Akainua ngumi akagonga, akagonga na kupiga kelele mtaa mzima usikie: "Hadjara! Baraka alikufa! Fungua! Ni miye jirani yako, niko muzima, niko hapa inje!" Aligonga mpaka vidole vikatoka damu. Ndani kicheko kikakatika. Komeo likaanza kusogea, polepole, na Éphraïm hakuweza kujua ni mkono wa nani unaolivuta.