Chumba cha Nusu Fainali

Muireann Twomey alimdharau yule mwanamume kabla hajamtazama usoni. Ilikuwa Jumamosi ya Mei, saa ya watu kusukumana katika soko kuu la Cork, naye alikuwa nyuma ya meza ya samaki ya shangazi yake, aproni ya mpira hadi miguuni, kisu mkononi, magamba hadi kwenye nyusi. Sauti ilitoka upande wa pili wa barafu, ya taratibu, yenye lafudhi isiyofichika ya Kerry, kaunti ya jirani.

"Nipe yule mdogo, dada. Yule wa pembeni aliyepinda. Anatosha kwa mtu kama mimi."

"Mtu kama wewe ni mtu gani?"

"Wa Kerry. Hatujazoea vitu vikubwa."

Muireann aliinua macho. Alimwona kijana mrefu, ovaroli ya fundi wa lifti yenye grisi magotini, na shingoni skafu ya kijani na dhahabu, rangi za kaunti yake, kwenye joto lile.

"Hamjazoea," alisema. "Makombe yenu ya mpira yamejaa hadi mnafugia kuku."

"Ya zamani hayo. Mwaka huu hatuna timu."

"Kaka, chukua samaki wako uende. Uongo wa bei rahisi nausikia hapa kuanzia asubuhi."

Alikwenda, lakini Jumatatu alirudi, na Jumanne, na kufikia mwisho wa mwezi Donncha Kissane alikuwa amekula samaki wengi kuliko mtu yeyote wa Kerry aliye mbali na bahari. Jioni walitembea kando ya mto wakila chipsi zilizolowa siki, yeye Muireann katika gauni lake la bluu lenye vifungo vya mbele, akinuka sabuni ya limau na bado, kwa mbali, samaki. Donncha alisema hiyo harufu haimsumbui. Kwa mtu wa Kerry, huo ulikuwa utenzi mzima.

Hapo ndipo palipomkera. Watu wale wana mataji mengi kuliko kaunti yoyote nchini, na ukiwauliza habari za mechi wanakuna shingo, wanatazama viatu, wanakwambia kipa anaumwa mgongo. Hawawezi kutamka wanachokitaka. Na Muireann alikuwa amempenda mmoja wao, kwa hiyo kila siku alisubiri neno moja lililonyooka.

"Umenikumbuka?" alimuuliza kwenye simu ya kibandani, huku shangazi Concepta akijifanya anapanga ndimu.

"Kidogo."

"Donncha, unanipenda?"

Muireann alimsikia anavyokuna shingo.

"Sikuchukii, mpenzi."

Nyumbani kwa akina Muireann ugonjwa ulikuwa wa aina nyingine. Baba yake, mzee Finbarr, alikuwa ametundika bendera nyekundu ya Cork juu ya bomba la moshi tangu Aprili. Fainali ya mkoa wa Munster, Cork na Kerry, ingechezwa hapo hapo mjini mwezi wa saba. Siku hizo aliyefungwa alirudi nyumbani hadi mwaka ujao, na aliyeshinda alikwenda Dublin kwa nusu fainali ya nchi nzima. Mzee alimwambia kila aliyepita mlangoni kwamba Cork ingeshinda kwa pointi kumi. Aliyasema hayo kwa sauti ya mbunge, kisha akaingia jikoni na kushindwa kumeza kiazi. Wiki ya mwisho hakutaka sweta lake jekundu lifuliwe, na alitoka kila baada ya dakika kumi kupima upepo kwa kidole, kana kwamba upepo wa Jumatano ungemsubiri hadi Jumapili.

"Msihangaike sana," Muireann aliwaambia mezani. "Donncha anasema kweli hawana timu. Mshambuliaji wao ana goti bovu."

Mzee Finbarr aliweka uma chini.

"Umemwamini?"

"Kwangu hasemi uongo, Baba."

"Nimelea mtoto miaka ishirini na sita. Nimemlisha, nimemsomesha, nimempeleka kiwanjani begani. Na amemwamini mtu wa Kerry." Alimgeukia mkewe. "Mama Muireann, tulikosea wapi?"

Walimcheka hadi chai ikapoa. Muireann hakujali. Alivaa gauni la bluu akaenda kwenye chumba cha Donncha, cha kupanga, juu ya duka la viatu, akamsubiri arudi kazini. Simu ikalia, akaipokea.

"Hoteli hapa, Dublin," mwanamke alisema. "Ninathibitisha chumba cha Bwana na Bi Kissane, wikendi ya nusu fainali. Kile kilichowekwa Januari."

Muireann alisema asante, kwa sababu alilelewa vizuri, akakaa kitandani. Januari. Mtu huyu alikuwa ameshahesabu mechi ya Julai kabla theluji haijayeyuka milimani kwao, kisha akaja kumpumbaza na goti la mshambuliaji. Hilo angelimeza. Bi Kissane alimkwama kooni.

Donncha aliingia na mkate kwapani.

"Hamna timu," Muireann alisema.

"Hatuna kabisa, mpenzi. Tutapigwa."

"Na chumba cha Dublin ni cha nini? Cha kwenda kuwaombea?"

Mkate ulimponyoka kwapani. Alikuna shingo.

"Na Bi Kissane ni nani?"

Wanaume wengine wangejibu hapo, wakaoa, hadithi ikaishia hapo. Donncha alitazama viatu vyake, uso ukamwiva hadi masikioni, akasema, "Mh. Kuhusu huyo, bado hakuna uhakika."

"Una mke ambaye huna uhakika naye?"

"Sijasema mke. Nimesema..."

"Hujasema kitu. Hujawahi kusema kitu." Alikuwa ameshafika mlangoni, na machozi yalimuudhi kuliko Donncha mwenyewe. "Kaeni na unyenyekevu wenu. Ni dharau tu iliyovaa nguo za kanisani."

Jumapili alikwenda kiwanjani na baba yake, wote wekundu. Mzee hakuongea dakika sabini nzima, yeye aliyeongea miezi mitatu. Dakika ya mwisho kijana mmoja wa Cork, aliyekosa mara nne, aliupiga mpira kwa hasira tu, ukapita juu ya mwamba wa goli, katikati ya nguzo, ambapo katika mpira wao ni pointi, na Cork ikashinda kwa pointi moja. Mzee Finbarr alilia kwenye shingo ya padri asiyemjua. Muireann aliwatazama watu wa kijani wakitoka uwanjani kimya kimya, akamtafuta mmoja, akajichukia kwa kumtafuta.

Jumatatu asubuhi nyumba ya Twomey ilikuwa kwenye simu. Mzee alipigia hoteli ya kwanza ya Dublin, ya pili, ya tisa.

"Zimejaa," alisema. "Zote. Zimejaa watu wa Kerry tangu Januari."

"Na sisi tuliweka wapi, Baba?"

"Sisi?"

"Sisi tuliojua tutashinda kwa pointi kumi."

Mzee alitazama dari, upande wa bendera yake, kisha sweta lake. Hakuna mtu mmoja wa Cork mwenye kelele aliyekuwa ameweka hata godoro. Muireann alicheka peke yake njia nzima hadi sokoni, kicheko kisicho kizuri. Wale walijidai hawajiamini, na hawa walijidai wanajiamini. Aliwadharau wote kwa usawa.

Donncha alikuwa mbele ya meza. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vibaya, na macho ya mtu asiyelala.

"Nipe yule mkubwa," alisema.

"Yupi?"

"Mkubwa kuliko wote." Watu wa foleni waligeuka. Hakukuna shingo, aliishikilia mikono yake kwenye ukingo wa barafu kana kwamba ingemtoroka. "Nilijua tutawapiga kwa pointi nane. Niliweka chumba Januari, mimi na kaka yangu, kama kila mwaka. Mwezi uliopita nilipiga nikawaambia kaka haji, waandike Bwana na Bi Kissane. Nilimwambia mtu baki wa Dublin kwenye simu kwa sababu wewe nilikuogopa. Hakuna Bi Kissane mwingine. Nakupenda, Muireann. Nataka tuoane. Sasa nimesema, na tumefungwa, na sina timu kweli."

Shangazi Concepta aliacha ndimu.

Muireann alifuta kisu polepole kwenye aproni. Kisha alikuna shingo, akatazama viatu vyake vya mpira.

"Sidhani, Donncha," alisema kwa sauti ya taratibu. "Unajua hali ilivyo. Nadhani mwaka huu huna nafasi kabisa."

Foleni ilisikitika. Mama mmoja alimpapasa Donncha begani. Lakini yeye alikuwa wa Kerry, aliyelelewa kwa lugha hiyo, na tabasamu lilikuwa limeshamfika masikioni.

"Shangazi," alisema, "naomba simu yako. Niwaambie Dublin wasikifute kile chumba."