Mashine ya Bosi Inapata Kibodi

Asubuhi nyumbani kwetu huanza na baba kutafuta miwani, na mama kumwambia iko kichwani. Baba ni fundi wa makochi. Mama anashona mapazia. Mimi nilikuwa napiga pasi kwa dobi, na jioni nasoma kozi ya utunzaji wa ghala kwa simu.

Mdogo wangu tulimwita Bosi, kwa sababu alimwamuru kila mtu na hakuwahi kuosha sahani. Bosi alifariki mwaka jana. Aliacha nguo, viatu, na mashine yake ya michezo ya video, ile ya kushika kwa mikono miwili, yenye kioo katikati.

Mama hajui kucheza. Lakini kila Ijumaa aliichaji, akaiwasha, akatazama shamba ambalo Bosi alikuwa akililima ndani ya mchezo. Maboga yalikuwa yameiva. Mama aliyatazama tu, kisha akazima.

Chuo kikataka kazi ya mwisho iandikwe kwa kompyuta. Mwenzangu kazini akaniambia mashine kama ile ni kompyuta kamili, haina kibodi tu. Nikamweleza mama.

"Shamba lake litafutika?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Basi haitoki humu ndani mpaka ujue."

Ndipo tulipokosea. Mimi na baba tulikwenda dukani bila mashine. Tulinunua kibodi kubwa ya waya, kwa kukisia. Muuzaji alituapia kwamba inaingia popote. Nyumbani haikuingia. Mashine ina tundu moja tu, dogo, la kuchajia. Plagi ya kibodi ilikuwa pana.

"Labda tuisukume kidogo," baba akasema.

"Kasukume makochi yako," mama akamjibu.

Jirani yetu mmoja hutengeneza simu. Mtaa mzima unamwita Fundi Waya, ingawa ni dada mpole tu mwenye miwani minene. Nikamfuata, nikamweleza.

"Niletee mashine yenyewe," akasema. "Siwezi kupima nguo ya mtu ambaye hayupo."

Akajiziba mdomo. "Samahani, dada. Sikufikiria."

Nilipomweleza mama kwamba mashine inatakiwa, alivaa viatu vya kutokea. Kisha akaitia mashine kwenye mkoba, akaukumbatia njia nzima. Baba alitufuata na kibodi, pamoja na kibao alichochonga cha kuisimamishia mashine.

Fundi Waya alifuta mikono kabla ya kuipokea. Mama hakuiachia mara moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niambie kwanza. Vitu vya mwanangu vitafutika?"

"Havifutiki. Mashine hii ina pande mbili: upande wa michezo na upande wa kompyuta. Angalia."

Shamba likiwa kwenye kioo, akabonyeza kitufe cha kuwashia, akakishikilia. Orodha ikatokea. Akachagua upande wa kompyuta, na shamba likatoweka. Mama akashika ukingo wa meza.

"Sasa tunarudi," Fundi Waya akasema. Baada ya muda kidogo akaufungua mchezo. Shamba likaonekana, na maboga yake yote.

Mama akavuta kiti, akakaa.

"Mtu akikwambia lazima afute kila kitu kwanza, chukua mashine yako uondoke. Na si kila mashine ya michezo ina upande wa kompyuta. Mtu aulize kabla ya kununua chochote."

"Na tundu ni moja," nikasema. "Nikichomeka kibodi, nitachaji wapi?"

Akatoa kisanduku kidogo chenye matundu mengi. "Hii inaitwa habu. Inaingia kwenye lile tundu moja. Kibodi yenu inaingia hapa, kwa hiyo hamkupoteza. Mausi hapa. Waya wa picha hapa, ukitaka kutumia televisheni ya nyumbani. Lakini chagua habu yenye tundu la kupitishia chaji, hili hapa. Isiyo nalo, betri itakuishia katikati ya kazi."

"Chaja ya simu yangu itafaa?"

"Haina nguvu. Betri itashuka huku imechomekwa. Tumia chaja iliyokuja na mashine."

Baba akasogeza kibao chake. Fundi Waya akaiweka mashine juu yake, akatikisa kichwa.

"Kizuri, baba, lakini kinaziba matundu ya nyuma. Hewa ya moto inatokea hapa juu, ya baridi inaingia nyuma."

"Kwa hiyo inapumua?"

"Inapumua. Ukiiziba, inachemka."

Baba alitoa patasi mfukoni. Akaanza kutoboa kibao pale pale, na mavumbi yakamwagikia viatu vyetu.

Mwisho Fundi Waya alinichagulia memori kadi ndogo. "Kazi zako hifadhi humu," akasema. "Vya mdogo wako viache vilipo."

Kazi ya chuo niliituma kabla ya siku ya mwisho. Nilifaulu. Sasa natunza ghala la vipuri, na dobi ananilaumu kwamba suruali za wateja zimekosa mkunjo. Nikisafiri kikazi, naweka mashine, habu na kibodi kwenye begi moja. Nakuza maandishi ili nisome kwenye kioo kile kidogo.

Jumapili moja nilimkuta mama amekaa mbele ya kibodi, miwani ya baba puani. Alikuwa akitafuta herufi kwa kidole kimoja. Alikuwa ameandika jina la Bosi, lile la kweli, ambalo hatukuwa tumelitamka tangu msiba. Lote lilikuwa kwa herufi ndogo.

"Herufi kubwa inapatikanaje?" akauliza. "Jina la mtu haliandikwi hivi."

"Futa ile ya kwanza. Halafu shikilia kitufe hiki, mama, ubonyeze na herufi yenyewe."

Akashikilia, akabonyeza. Herufi kubwa ikatokea.

"Unaweza kuachia sasa," nikamwambia.

"Najua," mama akasema. Kidole chake kilibaki pale pale.