Kisanduku Kilichojibu Hodi ya Kwanza

Jumanne ile, jua likielekea kuzama, nilitoka kwangu Bondeni na chupa ya mafuta ya kuchua magoti. Nilikuwa nampelekea mama mdogo, Mbeyu, anayekaa Mji wa Kale, ghorofani, katika nyumba ya mawe ambayo ngazi zake huwashinda hata wenye magoti mazima. Majuma matatu yalikuwa yamepita bila mimi kufika. Mitihani ya watoto ilinibana, na niliona haya.

Kulikuwa na jambo la pili. Mwanawe, Jefwa, amepata kazi Mariakani na anataka kuhamia huko. Mama angebaki peke yake.

"Si peke yake," Jefwa alinisahihisha kwenye simu. "Na kisanduku. Njoo ukione, dada Sidi. Ukikubali wewe, nyumba nzima imekubali."

Basi nikaenda kukipima.

Kilikuwa cheupe, ukubwa wa mkebe wa biskuti, kimewekwa juu ya kabati kama sanamu. Ni ruta ya wifi, Jefwa akaeleza, lakini ndiyo pia inayoendesha nyumba: taa, feni, kitasa cha mlango wa chini. Watu wa nchi mbalimbali walichangishana mtandaoni ili kiundwe. Yeye alichangia kabla hakijakuwapo, akakingoja miezi kumi na minne.

Nimefundisha chekechea miaka thelathini na mmoja. Nilimtazama kama nimtazamavyo mtoto aliyetoa maandazi yake yote akapewa ahadi.

"Washa taa," Jefwa alikiambia.

Feni ikazunguka.

"Bado kinajifunza," akasema.

"Hata mimi ninao wanaojifunza. Siwapi wazee wawalee."

Wifi yenyewe haikufika jikoni. Kuta za matumbawe ziliimeza. Nikakipa sifuri ya kwanza, moyoni.

"Na mlango je?"

Hapo uso ukamng'aa. Mama hawezi kushuka kila mtu anapobisha, kwa hiyo Jefwa amemrekodi sauti. Mtu akipiga hodi, kisanduku kinamsikiliza. Kikiitambua sauti yake kuwa ni ya mtu wa nyumbani, kinamjibu kwa sauti ya Mama: Karibu, ingia. Kitasa kinafunguka chenyewe.

"Sauti yako niliitoa kwenye zile jumbe za sauti unazonitumia."

"Kinajibu hodi ya ngapi?"

"Ya kwanza, dada! Kina kasi."

Nikamkumbusha. Kwetu, jua likishazama, hodi ya kwanza haijibiwi. Wala ya pili. Tunajibu ya tatu, tena baada ya kuuliza ni nani. Watoto wa miaka minne wanalijua hilo. Kisicho mtu huita mara moja tu. Kikijibiwa, kimekaribishwa.

"Mambo ya kale hayo," Jefwa akacheka. "Hiki kinajua watu wake. Mimi majuma haya matatu nilikuwa Mariakani, nikikijaribu. Tazama nani amekuwa akimwangalia Mama."

Akanionyesha kwenye simu orodha ya waliofunguliwa mlango.

Sidi. Sidi. Sidi.

Kila siku. Saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni.

"Ahsante sana, dada. Kweli umejitolea."

Nikaisoma tena ile orodha.

"Jefwa... sijakanyaga hapa majuma matatu."

Mama Mbeyu, aliyekuwa kitini akijichua goti, akacheka. "Acha mzaha, mwanangu. Jana si ulinisuka?"

Nywele zake zilikuwa zimesukwa. Mistari myembamba, imenyooka kama ya daftari.

Mimi sijui kusuka.

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Kichochoro kimetulia. Kisha, kutoka chini mlangoni...

"Hodi."

Mara moja.

Ilikuwa sauti yangu. Ile ya upole, ninayoitumia kwa mtoto anayelia siku ya kwanza ya shule.

"Karibu, ingia," kisanduku kikajibu.

Kitasa kikalia: tak.

Nyayo. Ngazi ya kwanza... ya pili... ya tatu. Polepole, kama mtu aliyezoea. Harufu ikamtangulia juu. Kafuri, ile wanayotiwa maiti.

"Kizime," nilinong'ona.

"Zima!" Jefwa akakiambia.

Feni ikaongeza kasi.

"Zima! Funga mlango!"

Taa zikawaka zote.

"Chomoa waya, mjinga wewe!"

Miaka thelathini na mmoja sijamwita mtu mjinga.

Akachomoa. Giza. Nyayo zikakoma nje ya pazia la mlango. Pazia likavutika kidogo, kama limevutwa kwa pumzi... likarudi mahali pake.

Tuliposhuka na tochi, ngazi zilikuwa tupu. Mlango wa chini ulikuwa wazi.

Kesho yake Jefwa alinipigia simu na maelezo. Wachangiaji wenzake wanalalamika kwamba kisanduku hurudia sauti kilizozihifadhi. Hitilafu ndogo, waundaji wamesema, watairekebisha. Nilimuuliza kama kuna mchangiaji aliyelalamika kuhusu nyayo, au aliyesukiwa mama yake. Kisha nikamwambia akichukue akakae nacho Mariakani, kimpikie na kumfulia. Mama nilikuwa nimeshamhamishia kwangu.

Kwangu hakuna kisanduku. Mlango una kufuli na ufunguo, na ufunguo ninao mimi.

Jumamosi, jioni, nilimwacha robo saa tu, nikaenda kununua mkate. Nilifunga mwenyewe. Niliporudi nilifungua mwenyewe.

Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja kimenywewa nusu, bado kinatoa moshi.

"Mama, ni nani aliyekuja?"

Alinitazama kwa hofu, kama mgeni aliyeingia bila hodi. Kisha akageuza uso kuelekea mlango wa chumba cha kulala, na akaita kwa sauti ya chini:

"Sidi, mwanangu... njoo. Yule mwingine amerudi."