Pikapu ya Maziwa Inachemka

Kila alfajiri, mume na mke walipakia madebe ya maziwa kwenye pikapu yao kuukuu. Walipeleka kiwandani maziwa ya wafugaji wenzao, na kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yao.

Kisha pikapu ikaanza kuchemka. Siku moja ilisimama njiani hadi maziwa yakaganda. Mpokeaji wa kiwandani aliyakataa yote.

"Mkiniletea mgando tena," alisema, "kazi hii nampa mwenye gari zima."

Kesho yake, kwenye mlima, mvuke ukatoka tena. Mume alisimamisha gari, akafungua boneti, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Toa mkono huo," mke alisema. "Unataka kuchemka kama kiazi?"

"Nataka kuongeza maji, mama watoto. Maziwa yataharibika."

"Maji ya moto yatakurukia usoni. Kaa chini. Nampigia mdogo wangu."

Mdogo wake alikuwa fundi wa magari, na karakana yake haikuwa mbali. Alifika kwa pikipiki, begi la vifaa mgongoni.

"Shemeji, umeliua gari?"

"Bado linapumua. Huoni mvuke?"

Fundi alicheka, lakini hakugusa kitu. "Tungoje injini ipoe. Wakati huo nijibu. Linachemka lini?"

"Likipanda mlima polepole. Na kwenye foleni pale kiwandani."

"Na ukikimbia barabara tambarare?"

"Hapo halina neno."

"Basi upepo wa mbio unalisaidia. Likienda polepole linategemea feni, na feni yako imechoka. Taa ya betri je?"

"Huwaka kidogo kidogo. Nilidhani ni uzee."

"Uzee ni wako, shemeji."

Injini ilipopoa, fundi alishika kifuniko kwa kitambaa kinene na kukilegeza taratibu. Maji yalikuwa yamepungua. Hakuona bomba linalovuja, na rejeta haikuwa na uchafu. Injini ikiwa bado imezimwa, alibonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Ulilegea kama kamba ya kuanikia nguo. Akanusa kidole chake.

"Hii si grisi. Mkanda umepakwa nini?"

Mume alitazama mlima. Mke alimtazama mume.

"Ulikuwa unapiga kelele kila asubuhi," mume alisema. "Nikaupaka mafuta ya kukamulia. Ukanyamaza."

"Yale ya chuchu za ng'ombe?" mke aliuliza. "Na mimi nawalaumu watoto kwamba wanamaliza kopo."

"Shemeji, mkanda ulikuwa unakwambia umelegea," fundi alisema. "Wewe ukauziba mdomo. Sasa unateleza. Mkanda huu huu unazungusha feni, pampu ya maji na mtambo wa kuchaji betri. Vyote vinafanya kazi kivivu, ndiyo maana injini inachemka. Mkanda wa feni haupakwi chochote."

Aliutoa, akafuta mafuta kwenye puli, vile vigurudumu vinavyoshika mkanda, kwa kitambaa chenye sabuni, akazikausha. Kwenye begi lake mlikuwa na mkanda mpya unaofaa. Aliufunga na kuukaza.

"Bonyeza," alimwambia mume. "Ubonyee kidogo tu. Ukikazwa kupita kiasi nao utaharibu pampu."

Waliongeza maji, wakaondoka. Walifika kabla jua halijawa kali. Foleni ilikuwa ndefu, na mume hakuondoa macho kwenye mshale wa joto. Ulibaki katikati.

"Utautoboa kwa macho," mke alisema. "Sogeza gari, wenzako wanasogea."

Mpokeaji alinusa kila debe, akachemsha maziwa kidogo kuyapima. Hayakukatika. Akayamimina kwenye tangi.

"Kesho muda huu huu," alisema.

Siku hizi, kila Jumamosi kabla ya kuwasha gari, mume huangalia maji na kubonyeza mkanda. Ukianza kupiga kelele, haupaki kitu. Anampigia shemeji yake simu na kukubali kuchekwa.