Barua Aliyoisoma Verediana

Asubuhi za mwezi wa sita, ukungu mzito hupanda kutoka mto Ruaha na kukifunika kijiji cha Kalenga. Humwoni jirani yako shambani. Unasikia jembe lake tu. Verediana alizipenda asubuhi hizo. Ndani ya weupe ule aliweza kumwona mumewe akitembea katika mji wa mbali.

Mumewe aliitwa Didas Kalinga. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Alifundisha miaka minne katika shule ya wazazi, mpaka shule ile ikafungwa. Didas alikipenda Kiingereza kama watu wengine wanavyopenda ngoma. Hata akiwa anapukuchua mahindi ungemsikia akitamka maneno peke yake, taratibu, kama mtu anayeonja asali.

Mapema mwaka 1976 Didas alikwenda Mbeya kutafuta kazi. Huko alikutana na wakala mmoja. Wakala alimwambia kwamba kuna shule Lubumbashi, nchi ya Zaire, inatafuta mwalimu. Watu wa kule wanajua Kifaransa na Kiswahili, lakini wafanyabiashara wanataka Kiingereza ili waende kununua mali Zambia. Nyumba ipo. Mshahara ni mzuri. Kila mwaka kuna likizo.

Didas alirudi Kalenga akiwa na karatasi moja yenye muhuri.

"Hiyo ni nini, baba Kalista?" Verediana aliuliza. Kalista alikuwa binti yao wa miaka mitatu.

"Mkataba wa kazi. Umeandikwa kwa Kifaransa."

"Kwani wewe unajua Kifaransa?"

Didas alitabasamu. "Sijui. Lakini mikataba ni ile ile, mama Kalista. Wakala amenieleza yaliyomo."

"Umeshatia sahihi?"

"Jana."

Verediana aliigeuza karatasi ile mkononi. Wakati ule yeye hakujua kusoma hata Kiswahili. Angeanzia wapi kumbishia mwalimu? Pasipoti ilipotoka, Didas aliandika namba yake juu ya nakala ya mkataba ule, akamwachia mkewe, akaenda Mbeya kupanda treni ya Tazara. Reli ilikuwa mpya. Watu walisema ukikaa dirishani huoni nchi ikipita, unaota tu.

Barua zikaanza kuja. Saulo, kaka yake Didas, ndiye aliyemsomea Verediana. Didas aliandika juu ya barabara pana zenye miti ya maua ya zambarau. Aliandika kwamba Kiswahili cha kule kina ladha nyingine, mtoto wanamwita mutoto, na kizuri wanasema kimuzuri. Verediana alirudi nyumbani na maneno yale kama mtu aliyebeba maji kichwani, akiogopa kuyamwaga. Akilima, alikuwa Lubumbashi. Akipika ugali, alikuwa Lubumbashi, amekaa kwenye baraza ya nyumba yenye vyumba vitatu, na maua ya zambarau yanadondoka mapajani mwake.

Upweke ndio uliompeleka kwenye kisomo. Darasa la watu wazima lilikuwa ndani ya ghala la kijiji, mara tatu kwa wiki, saa tisa alasiri. Mwalimu aliitwa Severina, mama mpole mwenye sauti ya chini. Walikaa juu ya magunia ya mbegu, wakaandika a, e, i, o, u. Kufikia mwezi wa tano Verediana alikuwa anasoma maandishi ya kwenye sabuni, ya kwenye viberiti, na ya kwenye ukuta wa duka la ushirika. Hakumwambia mtu. Alitaka Didas akirudi likizo amkute anasoma.

Mwezi wa sita ikaja barua nyingine. Saulo aliifungua, akaanza kusoma kwa sauti. Mara akakohoa. Macho yake yakaendelea kushuka chini ya karatasi, lakini mdomo ulikuwa umesimama.

"Anasema hajambo," Saulo alisema. "Kazi ni nzuri. Anawasalimu wote."

"Ni hayo tu, shemeji? Karatasi imejaa."

"Ni salamu nyingi."

"Basi nipe nikakae nayo."

"Acha niitunze mimi."

"Shemeji, ni barua ya mume wangu."

Saulo akasita, kisha akampa. Hakujua kwamba alikuwa amempa mtu anayesoma.

Kesho yake Verediana alikwenda na barua ile mtoni. Jua lilikuwa limekwisha kuondoa ukungu. Alikaa juu ya jiwe, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma silabi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Ka-ka Sa-u-lo. Hapo alifurahi. Akaendelea. U-si-mwa-mbi-e ma-ma Ka-li-sta.

Akarudia. Usimwambie mama Kalista.

Siku ile hakuweza kuimaliza. Aliimaliza siku ya pili, na hivi ndivyo ilivyosema:

"Kaka Saulo, usimwambie mama Kalista. Nyumba hakuna. Nalala stoo ya shule. Bwana Ngoie, mwenye shule, alichukua pasipoti yangu siku ya kwanza. Alisema anaipeleka kuandikishwa. Mpaka leo hajairudisha. Nafundisha tangu saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku. Jumapili naosha magari yake na kufua nguo za nyumbani kwake. Nikiuliza mshahara, anasema umeishia kwenye nauli na chakula. Nikisema naondoka, anasema bila pasipoti nitakamatwa njiani. Barua zangu anazifungua. Hii nimempa Mama Mwamba, muuza vitenge, mwanafunzi wangu, akaipostie Zambia. Ukinijibu, tumia anwani yake iliyo nyuma ya bahasha. Nimechoka, kaka. Siku hizi hata Kiingereza kinanikaa mdomoni kama mchanga."

Verediana alikunja barua. Baraza, vyumba vitatu, na maua ya zambarau vyote vilikuwa vimeondoka. Alimwona Didas amekaa mahali penye giza, na hakujua hata mahali pale ni pa namna gani.

Akaenda kwa Saulo. Alimkuta anachonga mpini.

"Shemeji," alisema, "stoo ni nini?"

Saulo aliweka panga chini.

"Umesoma," alisema.

"Nimesoma."

"Aliniomba, shemeji. Na mimi nilifikiri tukinyamaza, litapita."

"Miezi minne imepita. Jambo lenyewe bado lipo."

Saulo aliinamisha kichwa. "Stoo ni chumba cha kuwekea vitu," alisema. "Si cha kulala mtu."

Jioni ile walikwenda wote wawili kwa mwalimu Severina. Severina aliisoma barua mara mbili.

"Mmefanya vizuri kuja," alisema. "Watu wengi huona aibu, wakakaa nayo ndani. Lakini aibu hii si ya Didas. Aliyemdhulumu ndiye wa kuona aibu. Nendeni kwenye ofisi ya kazi. Mchukue barua na ule mkataba."

Ofisi ya Iringa iliwaambia kwamba mkataba ulifungwa Mbeya, kwa hiyo wakala atafutwe huko. Saulo aliuza gunia moja la mahindi apate nauli ya shemeji yake. Verediana akamwacha Kalista kwa bibi yake, akapanda basi. Siku nzima alipitiwa na nchi asizozijua. Misonobari ya Mafinga, baridi ya Makambako, halafu tambarare za Usangu na ng'ombe wengi mbali, wakitembea ndani ya vumbi kama wingu lililoshuka chini. Alishika bahasha kifuani. Alisinzia, akaota anasoma mkataba ule wote kwa Kifaransa bila kukosea hata neno.

Afisa kazi wa Mbeya aliitwa bwana Asukile. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, Mnyakyusa wa Tukuyu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umetoka mbali, naona vumbi."

Verediana alimpa karatasi zote mbili. Asukile alivaa miwani. Alipofika kwenye mkataba, aliusoma moja kwa moja bila kusimama. Verediana alishangaa.

"Baba unajua Kifaransa?"

"Ujanani nilikuwa karani wa mgodi kule Katanga. Nilijifunza kwa shida." Aliweka kidole kwenye karatasi. "Mume wako alielezwa nini?"

"Nyumba, mshahara mzuri, na likizo kila mwaka."

"Hapa hakuna nyumba. Pameandikwa atapewa mahali pa kulala. Likizo haipo. Hapa anakubali kufanya kazi yoyote atakayopangiwa kwa miaka miwili. Na hapa anakubali mwajiri atunze hati zake zote."

Verediana alitazama mistari ile. Herufi zilikuwa zile zile alizojifunza ghalani, lakini zilikataa kusema naye.

"Kwa hiyo amefungwa," alisema. "Ametia sahihi mwenyewe."

"Hapana," alisema Asukile. "Sikiliza vizuri. Pasipoti si mali ya mwajiri. Wala si mali ya mume wako. Ni mali ya serikali yetu, yeye amepewa aitumie. Hakuna karatasi inayompa Ngoie haki ya kuifungia kabatini. Na mtu haachi kulipwa kwa sababu alitia sahihi bila kuelewa."

"Sasa tufanye nini?"

"Tuandike. Tuna ubalozi wetu Kinshasa. Wanahitaji jina lake kamili, namba ya pasipoti, jina la mwajiri na mtaa. Bahati nzuri ulitunza nakala. Namba ipo hapa, mtaa upo hapa. Bila nakala tungekuwa tunapapasa."

"Ningejuaje mwanzoni, baba?"

"Mngeuleta hapa kabla ya sahihi. Mkataba wa kazi ya nje, mtu auonyeshe kwanza ofisi ya kazi. Kama lugha huijui, akusomee anayeijua, lakini asiwe yule anayekutafutia kazi." Asukile alivua miwani. "Mume wako ni msomi. Msomi naye ana lugha asiyoijua. Si kosa. Kosa ni kuona haya kuuliza."

Siku ile ile barua ya ofisi iliandikwa, na simu ya maandishi ikapelekwa ubalozini. Kisha Asukile akampa Verediana karatasi na kalamu.

"Sasa mwandikie yeye. Ajue kwamba watu wanamtafuta."

"Mimi?"

"Nani mwingine?"

Verediana hakuwa amewahi kuandika barua. Aliinama juu ya meza. Jasho lilimtoka ingawa Mbeya ilikuwa na baridi. Aliandika hivi:

"Baba Kalista. Nimesoma barua yako mimi mwenyewe. Najua yote. Pasipoti si ya Ngoie. Ubalozi wanakuja. Usitie sahihi karatasi nyingine. Sijakasirika. Mimi Verediana."

Waliipeleka kwa anwani ya Mama Mwamba.

Wiki zikapita. Verediana alilima, akasoma, akasubiri. Sasa ukungu ulipopanda hakutafuta tena mji ndani yake. Alitafuta mtu mmoja tu. Mwezi wa tisa alikuta posta barua kutoka ofisi ya kazi, yenye jina lake juu. Aliifungua palepale kaunta, akaisoma mwenyewe. Mume wako anafika Mbeya kwa treni siku ya Alhamisi.

Stesheni ya Mbeya ilikuwa na upepo. Treni ilichelewa nusu siku. Ilipoingia, Verediana aliona watu wakishuka na mizigo, mablanketi, masufuria. Mwishoni alishuka mtu mwembamba mwenye mfuko mmoja. Alisimama, akatazama mlima Loleza kama asiyeamini kwamba upo.

"Kamwene," Verediana alimwamkia kwa Kihehe.

"Kamwene," Didas akajibu. Akatoa mfukoni karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Ilikuwa barua yake.

"Mama Mwamba aliniletea katikati ya somo," alisema. "Niliona mwandiko nisioujua. Nikafikiri ni wa Severina. Kisha nikafika kwenye jina. Nilikaa chini mbele ya wanafunzi wangu wote."

"Na Ngoie?"

"Alitaka nitie sahihi karatasi nyingine, kwamba nimelipwa kila kitu. Nilikumbuka ulivyosema, nikakataa. Siku ya tatu akaja mtu wa ubalozi na askari wa kule. Pasipoti ilitoka kwenye saraka ya meza yake. Ilikuwa pale siku zote." Didas alikunja karatasi ile. "Mshahara walinipatia wa miezi miwili tu. Mingine imepotea."

"Wewe hukupotea," alisema Verediana. "Kwa nini ulitaka nisiambiwe?"

"Niliona haya. Mwalimu mzima."

"Usinifiche tena."

"Sitakuficha."

Yule wakala alitafutwa na polisi, akakutwa amehama chumba chake. Bwana Asukile alibandika tangazo nje ya ofisi, ili wengine wajihadhari.

Didas alikaa miezi mitatu bila kutamka neno la Kiingereza. Verediana hakumsukuma. Halafu siku moja alimsikia nyuma ya nyumba, anapukuchua mahindi, anatamka neno moja, kisha jingine. Mwaka uliofuata alianza kumsaidia Severina kufundisha kisomo. Katika darasa lake alileta risiti, stakabadhi na mikataba, watu wakasoma.

Mwezi wa tatu alikuja jirani yao Anania. Alikuwa amepata kazi katika shamba la tumbaku huko Chunya. Msimamizi alimpa karatasi ya Kiingereza.

"Niambie tu nitie sahihi wapi, mwalimu," alisema Anania. "Lori linaondoka Jumatatu."

Didas aliisoma yote kwa sauti, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili. Kulikuwa na mstari mmoja juu ya makato ambao haukusema ni makato gani.

"Hapa umeelewa?" Verediana aliuliza.

"Sijaelewa," alisema Anania.

"Hata mimi. Basi usitie sahihi. Rudi ukamwulize, na aandike kwa Kiswahili."

"Akikataa?"

"Utakuwa umejua mapema."

Anania aliondoka amenuna kidogo. Jumapili akarudi na karatasi mpya ya Kiswahili, mistari yote wazi, na nakala yake ya kubaki nayo. Aliisoma mwenyewe mezani, polepole, midomo ikicheza. Kisha akatia sahihi. Chini palikuwa na nafasi iliyoandikwa shahidi.

Anania alimpa Didas kalamu. Didas akaipokea, akaipitisha kwa mkewe.

Verediana aliandika jina lake lote, bila haraka, mpaka herufi ya mwisho.