Alinitembeza Ili Nisiione Sherehe ya Mwanangu

Nina miaka arobaini na minane. Naishi peke yangu Doonside, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo chumba kimoja sina sababu ya kukifungua. Mimi ni Mrundi niliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, na hapa Sydney kazi yangu ni kuhudumia wazee. Nawaogesha, nawalisha, nasikiliza hadithi zao. Nikirudi nyumbani, zangu hazina wa kuzisikiliza.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi, wasomaji wenzangu.

Nilikuja Australia na mume wangu na binti yetu wa pekee, Divine. Mume wangu alikuwa na mkono mwepesi. Kambini alinipiga na watu wakanyamaza. Hapa aliponipiga mpaka jino likang'oka, niliita polisi. Siku hiyo niliokoa maisha yangu... na nikapoteza watu wangu wote!

"Amempeleka mumewe serikalini!" Ndivyo walivyosema kanisani. Yeye alioa mwingine, akaendelea kuimba kwaya kama kawaida. Mimi ndiye niliyekimbiwa. Nikikaa kwenye benchi, wenzangu wanasogea mbali. Mwishowe niliacha kwenda.

Divine alikua katikati ya vita hiyo. Nikimsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Alipopata kazi alihamia Bankstown, akawa ananitembelea kwa nadra. Nilijua ana mchumba, kijana wa Kikongo, mpole, mwenye adabu. Kila nilipouliza habari za mahari alinijibu, "Bado, Mama. Tutakuambia."

Nikangoja kuambiwa.

Aliyebaki nami alikuwa mtu mmoja tu, Mama Josline, Mkongo wa Uvira. Tulijuana kambini tukiwa wasichana. Ndiye aliyenishika mkono nilipokuwa namzaa Divine, na Divine alimwita mama mkubwa. Wengine wote waliponitenga, yeye aliendelea kugonga mlango wangu na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, mkononi. Ningemshukuje mtu kama huyo?

Siku moja alinipigia simu. "Dada, sisi tunaijua Sydney ya kazi na treni tu. Jumamosi twende mjini tukatembee kama watu."

Nilifurahi mpaka nikaona haya! Nilibadilishana shifti na mwenzangu, nikapiga pasi gauni langu la kijani, nikapaka na wanja. Mtu akikaa sana peke yake, hata kualikwa kutembea kunakuwa kama sikukuu.

Alinipeleka Millers Point, mtaa wa zamani karibu na bandari. Jamani, ule utulivu! Nyumba nyembamba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na vibaraza vya juu vina vyuma vilivyonakshiwa kama vitambaa vya kufuma. Kuna ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, zimelika katikati kwa nyayo za watu. Mama Josline alisoma kibao kimoja, akaniambia kwamba hapa waliishi makuli wa bandari na familia zao. Tulijaribu kubahatisha ni mlango upi ungekuwa wetu. Mimi nilichagua wa buluu.

"Leo tuzime simu," alisema. "Tupumzike."

Nikazima yangu bila kuuliza. Kwani nani angenitafuta?

Mchana tulikula kwenye mgahawa mdogo wa mama mmoja wa Meksiko. Hakukuwa na wateja wengi, akaja kuzungumza nasi. Alisema aliipenda mitaa hii kwa sababu inamkumbusha mtaa wa bibi yake huko kwao, wenye mawe barabarani na kuta za rangi, ambako mchana husikii kitu ila ndege na mtu anayefagia. Akasema kila akiukumbuka anaukumbuka na dada yake, maana waliutembea pamoja.

Kisha akatuuliza, "Na ninyi, ni ndugu?"

"Ndiyo!" nilijibu upesi.

Mama Josline aliinamia sahani yake. Nikadhani ni pilipili.

Alasiri tulikaa juu ya kilima chenye majani, tukiangalia meli chini ya daraja kubwa. Nilimweleza yaliyokuwa moyoni. Nilisema natamani siku ya mahari ya Divine nimfunge kitenge mimi mwenyewe, kama mama yangu alivyonifunga. Alinishika mkono, machozi yakamlengalenga. "Mungu anaona, dada," alisema. Kila nilipotaka kuondoka alipata sababu. Mara tunywe chai, mara tuone kanisa la zamani, mara tupumzishe miguu...

Jua lilipoanza kushuka ndipo tukapanda treni. Tulipokaribia Auburn, alisimama. "Tubadilishe behewa, dada. Hapa pana joto." Hapakuwa na joto. Nilicheka, nikabaki nimekaa.

Treni ikasimama. Milango ikafunguka... wakaingia wanawake wanne wa kanisa langu la zamani, wamevaa sare ya kitenge cha njano, vifurushi vya chakula mikononi, bado wanaimba!

Mmoja aliniona akashika mdomo. "Mama Divine! Umetoka hospitali?"

"Hospitali gani?" nilimuuliza.

"Si tumeambiwa umelazwa? Mahari yamepita vizuri, Mungu mkubwa. Lakini mtoto alilia..." Kisha akamwona Mama Josline nyuma yangu. Wale wengine wakaacha kuimba.

Wasomaji wenzangu, mmewahi kusikia moyo ukidondoka? Mimi niliusikia!

Nilimgeukia rafiki yangu. "Ulijua?"

"Dada, Divine aliniomba." Alikuwa akilia tayari. "Baba yake na ndugu zake walisema ukiingia ukumbini pale Auburn wao wanatoka. Nani angepokea mahari? Mtoto akasema nikutoe, usisikie, usije ukaumia."

"Kwa hiyo wewe ukaniacha nichague mlango wa buluu?"

Sikupiga kelele. Sikumtukana. Nilishuka kituo kilichofuata, ambacho hakikuwa changu, nikakaa kwenye benchi mpaka treni yake ikaondoka.

Niliwasha simu. Hakukuwa na ujumbe wowote. Nikampigia mwanangu.

Alinijibu kwa Kiingereza, kama desturi yake. Alisema alitaka siku moja tu isiyo na ugomvi. Kisha alianza kulia, na hapo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, alinisemesha Kiswahili. "Nisamehe, Mama. Nilitafuta uso wako kule, na mimi ndiye niliyekuficha."

Nilimsamehe. Si siku hiyo. Ilichukua muda, na machozi, na yeye kuja Doonside tena na tena kukaa jikoni kwangu. Harusi ya kanisani ilipofika alikwenda mwenyewe kwa baba yake akamwambia, "Mama atakaa mbele. Asiyetaka asije." Baadhi yao hawakuja. Nilikaa mbele, pembeni yangu viti vitupu, nikamtazama mwanangu akipita na kitenge nilichomfunga mimi.

Lakini Mama Josline hakuwepo. Sijamwona tangu ile treni. Alipiga simu, sikupokea. Aliacha kupiga. Nilipolia nilishika simu nimwite mtu wa kunifariji, na jina lililonijia lilikuwa lake! Huo ndio upweke, ndugu zangu. Aliyenijeruhi ndiye pekee ambaye ningemweleza jeraha langu.

Nimejifunza kwa gharama kubwa kwamba moyo wote hauwekwi kwa mtu mmoja. Dada uliye peke yako, watafute wengine, hata kama wa kwanza na wa pili watasogea kwenye benchi. Sasa hivi kuna kina mama wachache tunaokutana Blacktown kunywa chai. Hawanijui sana. Nawazoea taratibu.

Na wewe unayempenda mtu, nakusihi, mwambie ukweli usoni, hata kama utamuumiza. Ningelia siku ile, ndiyo. Ningegaragara. Lakini ningelia nikiwa na rafiki.

Wakikutuma umtoe mama wa watu nyumbani siku ya mwanawe... kataa!